Mwenye Hoteli Aliyengoja Kuambiwa Atoke

Katika hoteli yake hukuchagua mahali pa kuketi. Uliingia kutoka kwenye jua, ukasimama mlangoni ukingoja macho yazoee giza, na kabla hujamwona mtu yeyote, sauti ikakufikia kutoka jikoni: "Wewe wa kofia, keti na huyo mwenye punda." Ungeweza kubisha. Wageni wengi walibisha. Lakini chai haikuja mpaka uwe umeketi ulipoambiwa, na kwa kuwa harufu ya maziwa yanayochemka ilikuwa imeshakushika puani, uliketi.

Tulimwita Mwenye Hoteli. Nadhani alikuwa na jina, maana siku moja karani wa chifu alikuja akimtafuta kwa jina hilo, na watu wote mle ndani, pamoja na yeye mwenyewe, wakasema hawamjui mtu kama huyo. Na ninaposema hoteli, nasema kwa maana ya kwetu. Hapakuwa na vitanda wala ngazi. Palikuwa na mabati, meza ndefu, mabenchi, na jiko la kuni lililotoa moshi mwingi kuliko moto, kando ya barabara ya Namanga, pale Kitengela, wakati nyumbu walikuwa bado wakivuka barabara hiyo asubuhi kana kwamba ndio walioijenga.

Nilifika hapo katikati ya miaka ya tisini nikiwa taniboi wa lori la mawe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa na ugonjwa wa kutokaa mahali, ugonjwa ambao sijapona hata leo nikiwa na miaka arobaini na zaidi. Mwenye punda niliyeketishwa naye siku hiyo ya kwanza alikuwa mwuza maji. Alinieleza tabia za punda wake mmoja baada ya mwingine, nani mvivu, nani mwizi, nani ana wivu, mpaka lori likanipigia honi mara nyingi na nikatoka nikiwa nawajua punda wale kuliko ninavyowajua binamu zangu. Kesho yake nilirudi mwenyewe na kuuliza yule mwizi amefanya nini tena.

Hiyo ndiyo iliyokuwa akili ya Mwenye Hoteli. Aliamini kwamba hakuna chakula kibaya, kuna mtu mbaya wa kula naye. "Mkate unajua kuliwa peke yake," alipenda kusema, "lakini chai haijui." Kwa hiyo alikuchunguza unavyoingia, viatu vyako, uso wako, namna ulivyofunga mlango, na akaamua. Msemaji alimweka na mtu asiyesikia vizuri, ili wote wawili waridhike. Mhubiri alimweka na dereva wa matrekta, ambaye alikuwa mtu wa kuuliza maswali. Majirani wawili waliokuwa wakigombania mbuzi aliwabana benchi moja, ukutani, ambapo hakuna aliyeweza kutoka bila mwenzake kusimama. Waligombana vizuri sana siku hiyo. Waligombana mpaka chapati zikaisha, na kwa kuwa kila mmoja alitaka kuonyesha kwamba ugomvi haumkoseshi hamu ya kula, walikula kwa niaba ya hoteli nzima. Mbuzi sijui alienda kwa nani.

Mara nyingine akili hiyo ilimponza. Siku ya soko la mifugo alizoea kumketisha mwenye ng'ombe moja kwa moja na mwenye bucha, kwa sababu, alisema, hao ndio wenye haja. Alisahau kwamba katikati yao kuna madalali, ambao kazi yao yote ni hao wawili wasiketi pamoja. Madalali walikasirika wakahamia kioski cha ng'ambo. Baada ya siku chache wakarudi mmoja mmoja wakilalamika kwamba kule kwingine unakaa popote.

"Sasa shida iko wapi?" akawauliza.

"Tunakaa sisi wenyewe kwa wenyewe," akasema mmoja wao. "Na sisi tunajuana."

Mke wake alikuwa akimtembelea mara moja moja kutoka nyumbani kwao, na hata yeye hakusalimika. Namkumbuka ameingia na kikapu cha ndizi, amechoka na safari, na sauti ikamwambia kutoka jikoni aketi na mhubiri.

"Mimi nimetoka mbali hivi kuja kuketi na mhubiri?"

"Nimekungoja wiki nzima. Huyo ni wewe tu unaweza kumnyamazisha."

Naye akamnyamazisha.

Cha ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa mtu wa watu. Ukimuuliza habari zake alijibu kwa kuosha vikombe. Na hakunywa chai. Mtu aliyepika chai iliyowatoa madereva barabarani alikunywa maji moto, kikombe kimoja asubuhi na kingine jioni, akiwa amesimama. Niliwahi kumuuliza anajuaje kama sukari imetosha.

"Naangalia watu wakionja," akasema. "Sukari ikiwa kidogo wanaangalia kikombe. Ikiwa sawa wanaangaliana."

Lakini ukitaka kumwelewa mtu huyu, huanzi na chai. Unaanza na ardhi aliyosimama juu yake, maana usiku na mchana alikuwa akiifikiria hiyo.

Ardhi haikuwa yake. Ilikuwa ya mzee mmoja wa Kimasai ambaye boma lake lilionekana kutoka mlango wa nyuma. Sisi sote tulimwita Mzee tu, kana kwamba Kitengela nzima haikuwa na mwingine. Mwenye Hoteli alipokuja mara ya kwanza akiwa na sufuria zake kichwani, alimwendea na kuomba kukodi kipande. Mzee akakataa kukodisha. Akasema maneno ambayo Mwenye Hoteli aliyarudia mbele yangu mara nyingi, kwa sauti ya Mzee mwenyewe: "Wewe kaa hapa. Siku nataka wewe toka, mimi nasema. Kama sijasema, kaa." Akatema mate kidogo chini, kwa baraka, na mambo yakaishia hapo. Hapakuwa na karatasi wala shahidi, isipokuwa mbuzi waliokuwa karibu.

Mtu mwingine angelala usingizi. Mwenye Hoteli hakulala. Kama ardhi umekodi, unajua mwisho wa mwezi ndipo penye hatari. Yeye hatari yake ingeweza kuingia asubuhi yoyote ikiwa imejifunga shuka na kushika fimbo. Na Mzee alikuwa akija kila asubuhi. Alipotokea mlangoni, Mwenye Hoteli aliacha kila kitu na kumtazama uso. Hakumsalimu. Alingoja mpaka Mzee apige funda la kwanza, ndipo aseme "Sopa", na Mzee ajibu "Ipa", na hapo tu mabega yake yakashuka na moto ukachochewa.

"Kwa nini usimsalimu akiingia?" nilimuuliza.

"Nikimwambia sopa ataanza kusema. Mtu akianza kusema, unajua atasema nini?"

Kwa sababu hiyo hoteli yake ilikuwa imejengwa kama mtu aliyevaa viatu tayari. Sakafu ilikuwa udongo, kwa sababu saruji haibebeki. Nguzo alizifunga kwa waya. Misumari ya mabati hakuipigilia mpaka mwisho. Aliiacha imetokeza vichwa, ili siku ikifika aing'oe kwa mkono aondoke kabla ya jua kuwa kali. Upepo wa Kitengela ukivuma, hoteli nzima ilikuwa ikipiga makofi.

Misumari hiyo ndiyo iliyomletea balaa.

Ilikuwa siku ya soko, na mvua ilikuwa imenyesha. Aliyewahi kutembea Kitengela ya siku hizo baada ya mvua anajua: ule udongo mweusi unakushika viatu, ukivuta mguu unaondoka na kilo mbili za Kajiado. Watu wote walikuwa wamekimbilia ndani. Kwenye kona, karibu na ukuta, Mwenye Hoteli alikuwa amemketisha kijana mmoja wa Kimasai aliyefika na maharage kutoka upande wa Entarara, kule karibu na Loitokitok, na kumletea ubavu wa mbuzi. Kijana alikuwa anatoka safari ndefu na alikuwa anakula kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Hapo akaingia mke wa Mzee. Kwa kawaida Mama hakuwa akiingia ndani. Alikuwa akipewa chai yake nje, kando ya jikoni, kwenye gogo lake. Siku hiyo gogo lilikuwa ndani ya maji. Alisimama mlangoni, macho yake bado na mwanga wa nje, haoni kitu, na Mwenye Hoteli, akifurahi kumheshimu mke wa mwenye ardhi, akatafuta nafasi nzuri kuliko zote. Ilikuwa imebaki moja tu, mkabala na kijana wa maharage.

"Mama, keti hapo mbele ya huyo kijana. Ni mtu mpole."

Mama akaketi. Macho yakazoea giza. Akamwona kijana, na kijana akamwona, na nyama ikiwa mdomoni.

Sisi tusiojua tuliona tu kwamba kijana ameacha kutafuna. Hakumeza wala hakutema. Alikaa na shavu limevimba, macho yakiwa juu kwenye dari, kama mtu anayejaribu kukumbuka jibu la mtihani. Mama naye alivuta shuka akajifunika kichwa chote na kugeukia upande mwingine. Mezani ukaingia ukimya, kisha ukasambaa meza ya pili, mpaka Wamasai wote mle ndani wakawa wameweka vikombe chini.

Mwenye Hoteli alidhani Mama anaona haya kwa ugeni. Akaja na sahani ya matumbo akaiweka katikati yao.

"Mama, jisikie nyumbani. Kula na huyu, ni kama mtoto wako."

Kutoka chini ya shuka sauti ikasema polepole: "Yule ni bwana ya msichana yangu."

Wengine mnajua, na mimi nilielezwa siku hiyo hiyo. Kwa Wamasai, mkwe hali mbele ya mama mkwe wake. Mdomo wake unaotafuna si kitu cha kuonwa na mwanamke huyo, wala wa mwanamke kuonwa naye. Wanaita enkanyit, heshima, na ni heshima ambayo mtu anaweza kuivunja kwa sekunde moja na kuzungumziwa mpaka uzeeni. Na hapa si kwamba ilivunjwa tu. Ilikuwa imeketishwa na kuletewa matumbo.

Kijana akainuka. Kwenda mlangoni kulihitaji kupita mbele ya Mama. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akageukia ukuta na kusukuma bati kwa bega. Misumari ile ikatoka yote bila kulalamika, bati likafunguka kama mlango, na kijana akatoka kwenye mvua na ubavu wake mkononi. Bati likarudi mahali pake.

"Mlango uko huku," Mwenye Hoteli akauambia ukuta.

Asubuhi iliyofuata Mzee hakuja kunywa chai.

Mwenye Hoteli alisimama mlangoni mpaka maziwa yakamwagika. Siku ya pili Mzee hakuja tena. Siku hiyo hatukuambiwa mahali pa kuketi; tuliingia tukakaa ovyo, kila mtu na watu wake, na ilikuwa chai mbaya. Alianza kukusanya sufuria na kuziweka moja ndani ya nyingine. Mwuza maji, ambaye alijua Kimaa vizuri kwa kuwa aliuza maji kwenye maboma yote, akamwambia aache upuuzi, aende akaombe msamaha kabla hajaitwa.

"Nikienda ataniambia nitoke."

"Usipoenda atakuja kukuambia. Afadhali ukaambiwe ukiwa na kondoo."

Tukaenda sisi watatu. Mimi nilibeba sukari na majani ya chai. Kondoo alikataa kutembea kwenye matope, kwa hiyo Mwenye Hoteli alimbeba mabegani, na kondoo akafanya yale ambayo kondoo hufanya akibebwa muda mrefu. Tulipofika kwenye boma wazee walikuwa wameketi wakimngoja. Walimtazama akija, mrefu, ameloa mgongo mzima, kondoo akichungulia juu ya kichwa chake. Mmoja wao akaficha uso ndani ya shuka, na shuka likawa linatikisika.

Mzee hakucheka. Mwuza maji akatafsiri.

"Nani alimwambia kijana akae pale?"

"Ni mimi."

"Nani alimwambia mama akae pale?"

"Ni mimi."

"Wao walikuwa hawana macho ya kutafuta kiti?"

Mwenye Hoteli akafikiri. "Walikuwa nayo, Mzee. Lakini kwangu mimi ndiyo naketisha watu."

"Kwa nini?"

Hilo swali nilikuwa nimetaka kumuuliza kwa miaka. Alishika kondoo miguu vizuri zaidi na kuangalia chini.

"Kwa sababu wakijiketisha wenyewe," akasema, "kila mtu anaketi na yule alikuja naye. Hiyo wangekaa tu nyumbani."

Mwuza maji akatafsiri. Wazee wakazungumza kwa muda mrefu. Mmoja alisema kosa ni la kijana, kula kwa pupa mjini. Mwingine alisema kosa ni la mvua. Mwishowe Mzee akapokea kondoo, akamwita Mwenye Hoteli karibu na kumwambia kwa Kiswahili, ili neno lisipotee njiani: "Weka mlango ingine. Weka ukuta katikati. Wakwe huku, watu huku. Na piga misumari."

Tukarudi hotelini. Mimi nilikuwa nafurahi. Nilimwambia mtu anayekuambia ujenge mlango hawezi kuwa anakufukuza.

"Alisema mlango na ukuta," akajibu. "Hakusema nikae." Lakini nilimwona akipiga misumari. Aliipiga mpaka mwisho, ile ya ukuta mpya peke yake. Mingine akaiacha ilivyokuwa.

Basi hoteli ikawa na pande mbili, na ule wa pili tukauita Upande wa Wakwe. Habari zilienea zaidi ya alivyofikiri. Siku za soko ungeona mtu na mama mkwe wake wakifika pamoja, wakiachana mlangoni kwa adabu, kila mmoja akala upande wake, na mazungumzo yakipita juu ya ukuta, maana ukuta haukufika kwenye dari. Waluhya waliofanya kazi katika viwanda vya nguo vya Athi River wakasema hata kwao kuna mambo kama hayo, wakaanza kuleta wakwe zao. Wakamba wakaja kuangalia. Watu walitoka Rongai. Wengine hawakuwa wakwe wa mtu yeyote; walikuwa wanamkwepa mhubiri. Mwenye Hoteli aliwagundua kwa sababu, alisema, mkwe wa kweli akikaa anasikiliza ukuta.

Mzee alirudi kwa chai yake. Hakuzungumzia tena jambo lile, ila kila alipoingia alipitisha mkono kwenye misumari ya upande wa zamani, akagusa vichwa vilivyotokeza, kisha akaketi.

Simu za mkononi zilipofika, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tulidhani Mwenye Hoteli ataanza vita. Hakuanza. Aliyeingia akizungumza na simu alimweka peke yake, uso ukutani.

"Mbona mimi nakaa na ukuta?" aliuliza jamaa mmoja, wakala wa kuuza ploti, aliyekuwa na simu mbili.

"Wewe ulikuja na mtu wako. Sitaki kumsumbua."

Mawakala kama huyo walikuwa wameanza kujaa. Kitengela ilikuwa inakatwa vipande. Kila mara niliporudi kutoka huko nilikokuwa nimezurura, Kajiado mjini, Namanga, mara moja mpaka Voi, nilikuta ghorofa jipya mahali nilipoacha mbuzi. Nyumbu waliacha kuvuka. Hoteli ilibaki palepale katikati ya hayo yote, ikipiga makofi.

Kisha Mzee akafariki. Nilisikia nikiwa mbali, na niliporudi nilikuta wana wake wameshauza sehemu ya barabarani, pamoja na ile iliyobeba hoteli. Mkubwa wao, aliyefanya kazi Nairobi na kuvaa koti hata wakati wa joto, alikuja kumwambia Mwenye Hoteli aondoke. Nilikuwepo. Niliketishwa meza ya karibu.

"Baba," akasema kijana, kwa adabu kabisa, "hapa tumeuza. Tunaomba utupishe."

"Mzee alisema nikae mpaka aniambie."

"Mzee ni marehemu."

"Najua. Chai ya matanga nilipika mimi. Lakini alisema atasema, na hakusema."

"Sasa mimi ndiyo nasema."

"Wewe sikuambiwa nikungoje. Wewe nilikuwa nakupa mandazi ukienda shule. Keti hapo na mwuza maji, nikuletee."

Na mtu huyo wa koti, ndiyo, aliketi. Alirudi mara kadhaa, na kila mara alitoka akiwa ameshiba na hajasema kitu cha maana. Wakaleta mpima ardhi. Mwenye Hoteli akamketisha na mwuza maji vilevile. Mpima ardhi alipojua tabia za punda wote, jua lilikuwa limezama na hapakuwa na mwanga wa kupimia. Tulicheka sana jioni ile. Mwenye Hoteli hakucheka. Usiku, mwuza maji aliniambia, alikuwa akitoka nje na taa kuhesabu mabati yake.

Niliondoka tena, kama kawaida yangu, na nilipopita mwaka uliofuata hoteli haikuwepo. Palikuwa na shimo la msingi na kibao cha mwenye jengo. Niliuliza watu wapya wa pale. Hawakujua hata kwamba palikuwa na hoteli.

Nilimkuta Bisil. Miaka hiyo ya elfu mbili ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa nikisafirisha vitunguu. Gari letu lilisimama sokoni, upande wa wauza mbuzi, na nilipokuwa natafuta mahali pa kunywa chai nilisikia sauti kutoka kwenye moshi: "Wewe unayetangatanga, kuna nafasi hapa nje."

Alikuwa amezeeka, amepungua, na alikuwa na kikombe chake cha maji moto. Nikamuuliza ilikuwaje. Kwanza aliosha vikombe. Kisha akaniambia kwamba wale vijana, walipochoka, walimtuma mama yao. Mama aliingia kwa mlango wake wa Upande wa Wakwe, akanywa chai yake yote, kisha akasema kupitia juu ya ukuta kwamba Mzee amekuja kwake katika ndoto, na amesema Mwenye Hoteli atoke.

"Ukamwamini?"

"Mimi nilimuuliza, Mama, ni kweli amesema? Akasema ni kweli. Nikamuuliza, alisema niende wapi? Akasema, hiyo hakusema, lakini mimi nahamia kwa ndugu yangu Bisil, hapa sasa ni nyumba tu, hakuna mbuzi, na huko Bisil nimeonja chai yao."

"Ikoje?"

"Alisema wanaiogopa sukari."

Kwa hiyo akang'oa mabati. Misumari ya zamani ilitoka kwa mkono, kama alivyopanga miaka yote, na ile ya ukuta wa wakwe ikamsumbua siku nzima. Mama aliketi mbele kwenye lori kando ya dereva, na walipofika Bisil akamwonyesha ndugu yake mtu aliyemleta, na ndugu yake akaonyesha mahali kwa fimbo. Hakuna aliyesema neno lolote kuhusu muda.

Hilo ndilo lililonitia wasiwasi kwa niaba yake. Mtu amekaa miaka yote ile akingoja neno moja, sasa amehamishwa uzeeni mpaka mahali ambapo hata hilo neno hakupewa. Nilimuuliza kama amekwenda kumuuliza Mama waziwazi atakaa hapo mpaka lini.

"Nilimuuliza wiki iliyopita," akasema.

"Akasemaje?"

"Aliniambia nipande mti."

"Mti gani?"

"Hata mimi nilimuuliza hivyo. Akasema wowote, bora uwe ule unakawia kukua."

Akaniongoza nyuma ya jiko. Palikuwa na mche usiofika magotini mwangu, umezungushiwa matawi ya miiba ili mbuzi wa sokoni wasiufikie. Akamimina pale maji yaliyokuwa yamebaki kikombeni, lakini kwanza alitia kidole kuona kama yamepoa.